Kamera Inauona Mgongo, Haizioni Wiki Tatu Zilizopita

Siku hizi mtu hahitaji mwenzake wa kumwangalia akiwa jimu. Anaegemeza simu kwenye chupa ya maji, anarudi nyuma hatua tatu, anachuchumaa na chuma mabegani, na programu yenye akili mnemba inamhesabia marudio huku ikimchorea mistari ya rangi mwilini: goti limeingia ndani, mgongo umepinda, nyonga hazijashuka vya kutosha. Akipatia, mstari unageuka kijani. Huko mitandaoni nako kuna jeshi la wakosoaji ambao kazi yao ni kuokota video za watu wakinyanyua vyuma na kuzipigia kelele: "Huyu kesho haamki." Programu na kelele zimepokewa kama dawa ya majeraha ya mazoezi, na dhana iliyo nyuma yake ni moja: aliyeumia alikosea mkao, na anayepatia mkao haumii.

Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imeenea. Lakini imeuweka mkao kwenye kiti kisicho chake. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi uliopo, majeraha mengi ya jimu hutokea pale mwili unapodaiwa kazi ambayo haujaandaliwa kuifanya: uzito uliopanda haraka, marudio yaliyoongezeka ghafla, kurudi baada ya likizo ndefu kana kwamba hakukuwa na likizo. Mtu aliyeandaliwa anaweza kunyanyua kwa mkao usiopendeza miaka kumi akabaki mzima. Asiyeandaliwa anaweza kunyanyua kwa mkao wa kupigiwa picha ya kitabu na akaumia wiki hiyo hiyo. Kamera inauona mgongo wako wa leo. Haijui ulikuwa wapi wiki tatu zilizopita.

Kwanza tuupime ukubwa wa jambo lenyewe, maana kelele za mitandaoni zimewafanya watu wengi waamini kuwa chuma ni kitu cha hatari kuliko vyote mtu anavyoweza kufanya kwa ajili ya afya yake. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliwaangalia wanyanyuaji wa mtindo wa Olimpiki na wale wa pawalifti (mchezo wa kunyanyua uzito mkubwa kabisa kwa rudio moja), watu wanaobeba mizigo ambayo wengi wetu hatutaigusa maishani, na kukuta majeraha kati ya 1 na 4.4 hivi kwa kila saa 1,000 za mazoezi. Watunisha misuli wako chini zaidi, hadi 1 au pungufu. Sasa linganisha na mchezo ambao kila daktari anaushauri bila kukunja uso: mapitio ya mwaka 2015 kuhusu kukimbia yalikuta majeraha 7.7 kwa saa 1,000 kwa wakimbiaji wa kujifurahisha, na 17.8 kwa wanaoanza. Ni kweli tafiti hizi hazihesabu jeraha kwa kipimo kimoja, kwa hiyo nisingezipanga kama jedwali la ligi. Hata hivyo mwelekeo hauna utata, na ndani yake kuna kidokezo ambacho wengi wanakiruka. Kinachomtofautisha mkimbiaji mgeni na mzoefu si viatu wala namna ya kukanyaga pekee. Mgeni anaanza kuudai mwili kitu ambacho mwili haujawahi kulipa.

Ili tuelewe kwa nini, tuingie kidogo ndani ya mwili. Mtu anapoanza kunyanyua vyuma, nguvu hupanda upesi katika wiki za mwanzo, hata kabla misuli haijanenepa. Kinachobadilika mapema ni mfumo wa neva: ubongo unajifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa wakati mmoja na kuziamrisha kwa mpangilio. Ndiyo maana mwanafunzi wa mwezi wa kwanza huwa na furaha. Kila wiki anaongeza sahani kwenye chuma. Tatizo ni kwamba nguvu hiyo mpya inapitia kwenye kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, na kano zina mwendo wao wa kinyonga. Damu inayozifikia ni kidogo na seli zake ni chache. Kuna utafiti wa kupendeza uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2013 ambao unaonyesha uvivu huo kwa njia ambayo sijawahi kuisahau. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya kati ya mwaka 1955 na 1963 yaliongeza kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, hewani, ikaingia kwenye mimea, kwenye chakula, na hatimaye kwenye miili ya watu wote duniani. Watafiti wakapima kaboni hiyo katika kano za kisigino za watu waliozaliwa miaka tofauti. Walikuta kwamba kiini cha kano bado kimebeba alama ya hewa ya utoto na ujana wa mwenye kano. Baada ya umri wa miaka 17 hivi, sehemu hiyo karibu haifanywi upya kabisa. Msuli wa mtu huyo huyo ulikuwa umejijenga upya mara nyingi.

Hii haina maana kwamba kano haziimariki. Zinaimarika, zinakuwa ngumu zaidi zikipewa mzigo wa kutosha na muda wa kutosha, ila hesabu yake ni ya miezi pale ambapo hesabu ya neva ni ya wiki. Kwa hiyo kuna kipindi, hasa katika miezi ya mwanzo kwa anayeanza, ambapo injini imekuwa kubwa kuliko fremu ya gari. Hakuna mstari wa kijani unaoweza kukuonyesha pengo hilo, kwa sababu halionekani kwenye pembe ya goti.

Nina ushahidi wangu mdogo. Baada ya miezi minne ya kutogusa chuma kwa sababu za kazi, nilirudi jimu nikafungua daftari langu. Ukurasa wa mwisho ulisema skwoti, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani, kilo 100, seti tano za marudio matano. Nikashusha hadi 90 na kujiona mwenye busara. Rafiki akanirekodi, na video ninayo hadi leo: mgongo umenyooka kama rula, magoti yanafuata vidole vya miguu, kasi nzuri. Mapaja yaliuma siku mbili kama yanavyouma siku zote. Siku ya tano, maumivu ya misuli yalipokwisha, yalibaki mengine, ya nukta moja, chini kidogo ya pia ya goti, na kwa wiki kadhaa nilishuka ngazi kwa upande kama kaa. Daftari lilikumbuka kilo 100. Goti halikukumbuka.

Sasa tuwape haki wanaotetea mkao, maana hoja zao hazilingani uzito. Ile nzito kuliko zote inatoka maabara. Mwaka 2001 watafiti Jack Callaghan na Stuart McGill wa Kanada walionyesha kwamba uti wa mgongo wa nguruwe ukikunjwa na kukunjuliwa maelfu ya mara huku umebanwa kwa mzigo, kisahani kati ya pingili hatimaye hupasuka na kutoa ute wake nje. Matokeo hayo ndiyo msingi wa amri tunayoisikia kila kona ya jimu: usipinde mgongo. Pia kuna fizikia ambayo haihitaji maabara. Chuma kikiwa mbali na mwili kinaongeza wenzo, na wenzo ukirefuka, mgongo unafanya kazi kubwa kuliko uzito ulioandikwa kwenye sahani. Anayefundishwa kukiburuza chuma karibu na miundi anapunguziwa mzigo kweli, na hilo silibishi.

Lakini uti wa nguruwe uliokufa haulali usiku. Haujijengi, haupumziki kati ya Jumatatu na Alhamisi, hauna misuli inayoushika. Tukiwatazama watu hai, picha inabadilika. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2020 yaliuliza swali moja tu: je, wanaopinda zaidi sehemu ya chini ya mgongo wakati wa kunyanyua kitu ndio wanaopata maumivu ya mgongo? Hayakupata uhusiano wa kuaminika. Zaidi ya hapo, vipimo vinaonyesha kwamba hata mtu anayedhani ameunyoosha mgongo wake anaupinda kwa nyuzi kadhaa anapoinama, ila jicho halioni. Na wapo watu wanaobeba mawe makubwa ya duara katika mashindano ya wenye nguvu, ambayo hayabebeki bila kuukunja mgongo, na wanafanya hivyo kwa miaka. Wao wameandaa migongo yao kwa kazi hiyo, hatua kwa hatua. Simwambii mtu wa mwezi wa kwanza aige. Ninachosema ni kwamba mkao mmoja unaweza kuwa salama kwa huyu na hatari kwa yule, na tofauti kati yao ni historia ya mzigo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayotembea zaidi, ni ile ya video ya ajali. Mtu anaonyeshwa akinyanyua, mgongo unapinda, uso unakunjamana, anaangusha chuma na kushika kiuno. Msimulizi anasimamisha picha pale mgongo ulipopinda na kuchora duara jekundu: sababu ni hii. Hebu tuiangalie vizuri. Mgongo ule ulipinda kwa nini kwenye rudio la nne na si la kwanza? Kwa sababu misuli ilikuwa imechoka, au uzito ulizidi uwezo wa siku ile. Mkao ulivunjika kama dalili ya kuzidiwa, na kilichozidi ndicho kilichomuumiza. Kumwambia mtu huyo arekebishe mkao wake ni sawa na kumwambia dereva aliyesinzia kwamba kosa lake lilikuwa kuacha njia. Halafu kuna wale tusioonyeshwa: maelfu waliopinda mgongo siku hiyo hiyo, wakamaliza seti, wakaoga, wakaenda zao. Video zao hazina soko. Ukichagua mifano kwa kuangalia nani ameumia, kisha ukatafuta kasoro katika mwendo wake, utaipata siku zote, kwa sababu hakuna binadamu asiye na kasoro anaponyanyua uzito unaokaribia kikomo chake.

Ndugu wa karibu wa hoja hiyo ni kunyoosha viungo. Wengi bado wanaamini dakika kumi za kuvuta paja na kugusa vidole vya miguu zinawakinga. Mwaka 2000 lilichapishwa jaribio lililofanywa Australia kwa wanajeshi wapya 1,538 kwa wiki 12. Waliojinyoosha kabla ya mazoezi na wasiojinyoosha waliumia karibu sawa. Kupasha mwili moto kwa mwendo unaofanana na kazi unayoiendea, kuanza na chuma kitupu kisha kuongeza kidogo kidogo, kuna maana. Kujinyoosha ukiwa umesimama kama mnara kunaburudisha, na anayependa kujinyoosha sina ugomvi naye, ila asihesabu hilo kama bima.

Kinachochekesha ni kwamba kinga bora tuliyonayo ni kile kile kinachoogopwa. Mwaka 2014 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha uchambuzi uliojumlisha majaribio 25 yenye washiriki 26,610 wa michezo mbalimbali. Kunyoosha viungo hakukuonyesha faida yoyote ya kukinga. Mazoezi ya nguvu yalishusha majeraha hadi chini ya theluthi moja. Yaani wachezaji walioingizwa kwenye mazoezi ya misuli, yaliyopangwa na kupandishwa taratibu, ndio waliolindwa zaidi. Zoezi la kujishusha taratibu ukiwa umepiga magoti huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu, linalotumika sana kwa wachezaji wa mpira, limeonekana kupunguza majeraha ya misuli ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Mzigo ni kama dawa: tatizo ni kipimo.

Na hapa ndipo upande wangu nao unapaswa kuhojiwa, maana ni rahisi kusema "nenda taratibu" na kuondoka ukiwa umepiga makofi mwenyewe. Methali ya haraka haraka sote tunaijua, na haisaidii sana kwa kuwa haisemi haraka ni kiasi gani. Kwa miaka mingi makocha walijibu kwa kanuni ya asilimia 10: usiongeze zaidi ya hapo kwa wiki. Ikajaribiwa Uholanzi kwa wakimbiaji wapya zaidi ya 500, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliopandishwa kwa kanuni hiyo waliumia asilimia 20.8, waliofuata mpango wa kawaida, wa haraka zaidi, asilimia 20.3. Kanuni ikaanguka. Baadaye ikaja fomula ya kulinganisha mzigo wa wiki hii na wastani wa wiki nne, saa za mkononi zikaichukua zikaanza kuwaambia watu wako "eneo salama", na wanatakwimu wakaibomoa kwa hoja nzito kuhusu namna uwiano wenyewe unavyokokotolewa. Mtu akiniuliza kama mzigo ni jambo la maana kiasi hicho, mbona fomula zake zote zinashindwa, swali lake ni la haki.

Jibu linaloanza kujitokeza ni kwamba tulikuwa tunapima kwa kipimo kisicho sahihi. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti uliowafuatilia wakimbiaji 5,205 kwa miezi 18. Ongezeko la wiki hadi wiki halikueleza majeraha. Lililoeleza ni siku moja: mtu anapokimbia umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 mbio yake ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia, hatari ya kuumia inapanda kwa zaidi ya nusu, akizidisha maradufu, hatari nayo inazidi maradufu. Kukimbia si kunyanyua chuma, na nisingehamisha tarakimu hizo moja kwa moja kwenye skwoti. Ila wazo lenyewe linaeleweka na kila mtu aliyewahi kusikia mwenzake akisema "leo najisikia vizuri, ngoja nijaribu". Wiki inaweza kuwa ya kawaida kabisa kwenye daftari huku ndani yake kuna siku moja ya wazimu. Wastani unaificha siku hiyo, lakini kano ilikuwepo.

Mfano mkali wa siku moja uko kwenye kumbukumbu za umma. Januari 2011, wachezaji 13 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa hospitalini baada ya mazoezi ya kwanza kutoka likizo. Ratiba ilikuwa na skwoti 100 kwa nusu ya uzito wa juu kabisa ambao kila mmoja angeweza kunyanyua, huku saa ikihesabu. Hawa walikuwa vijana wenye nguvu, chini ya makocha wa kulipwa, mkao wao bila shaka umeangaliwa kwa miaka. Nyuzi za misuli zilivunjika kwa wingi, protini yake ikamwagika kwenye damu, na ikifika kwenye figo hiyo ni sumu. Mkojo unakuwa rangi ya chai ya rangi. Madaktari wameandika pia visa vya aina hii kwa watu waliohudhuria darasa lao la kwanza kabisa la baiskeli za jimu, wengi wao vijana wenye afya, ambao hawakubeba hata kilo moja. Baiskeli ni chombo kisicho na mkao wa kukosea sana: miguu imefungwa, makalio yamekaa. Kilichowapata ni wingi wa kazi mpya ndani ya saa moja, wakisukumwa na muziki, kocha na aibu ya kushuka mbele za watu. Msuli ulioonja zoezi mara moja tu, hata kwa kiasi kidogo, hulindwa dhidi ya zoezi hilo kwa wiki kadhaa zinazofuata. Darasa la kwanza la dakika 20 lingewatosha.

Lipo kundi jingine la majeraha ambalo wanaobishania mkao na wanaobishania mzigo wote tunalisahau, kwa sababu halina falsafa. Uchambuzi wa idara za dharura za hospitali za Marekani kwa miaka ya 1990 hadi 2007 ulikadiria majeraha 970,801 ya kunyanyua vyuma. Asilimia 90.4 yalihusisha vyuma huru, si mashine. Na njia iliyoongoza kwa kuumia, asilimia 65.5, ilikuwa chuma kumwangukia mtu. Sahani juu ya kidole cha mguu. Dambeli iliyoteleza jasho. Mtu amelala kwenye benchi peke yake na chuma kimemkalia kifuani. Kano inayouma taratibu haiendi idara ya dharura, kwa hiyo takwimu hizi zina upande zinaouona na upande zisiouona. Lakini tukikubali hilo, bado ni ajabu kwamba tunatumia kamera kupima pembe ya nyonga ilhali dambeli zimetapakaa sakafuni, vibanio vya kushikilia sahani vimepotea tangu mwaka juzi, na nguzo za kudakia chuma kwenye fremu ya skwoti zimeshushwa hadi chini kwa kuwa mtu mmoja alisema zinamsumbua. Kuzipandisha nguzo hizo hadi kidogo tu chini ya pale chuma kinapofika ukichuchumaa hadi mwisho ni kazi ya sekunde kumi. Kumwomba mtu asiyekufahamu asimame nyuma ya benchi lako ni kazi ya sentensi moja, na ni watu wachache sana watakaokataa.

Haya yote yanabadilisha nini? Kwa kocha, yanabadilisha swali la kwanza. Fomu ya kujiunga na jimu huuliza umri, magonjwa, lengo la uzito, na mwishoni inakutaka utie sahihi kwamba ukiumia hutadai kitu. Mara chache inauliza: mara ya mwisho ulifanya kazi ya aina hii lini, kiasi gani, na uliwahi kuumia wapi? Swali hilo la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu katika michezo mingi jeraha la zamani ndilo linalotabiri jipya kwa uhakika kuliko karibu kitu kingine chochote. Kocha anayejua majibu hayo matatu anajua zaidi kuhusu hatari yako kuliko aliyekuangalia ukichuchumaa mara thelathini. Nami nakiri kitu hapa: kufundisha mkao kuna faida, ila nadhani sehemu kubwa ya faida hiyo inakuja kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi anayeambiwa "hutaongeza uzito mpaka hii iwe safi" anabaki na uzito mdogo kwa wiki sita, na katika wiki hizo sita kano zake zinapata nafasi ya kuikaribia misuli. Kocha anadhani ameokoa mgongo kwa kuunyoosha. Ameuokoa kwa kuchelewesha.

Kwa anayefanya mazoezi, yanabadilisha namna ya kusikiliza maumivu. Anayeamini kwamba maumivu ni ushahidi wa mkao mbovu atabadilisha mkao kila wiki na kuendelea na mzigo ule ule, au ataacha kabisa na kupoteza hata kile alichojenga. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 kuhusu kano za kisigino zilizougua uliwaruhusu wagonjwa kuendelea kukimbia na kuruka, kwa masharti: maumivu yasizidi 5 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, na yawe yametulia asubuhi inayofuata. Walipona sawa na waliozuiwa kufanya hivyo katika wiki sita za mwanzo. Kipimo hicho hakihitaji kamera. Ukiamka na kano imekakamaa kuliko jana, dozi ya jana ilikuwa kubwa, punguza, usiache kabisa. Mkojo mweusi, uvimbe mkubwa, ganzi inayoshuka mguuni au maumivu ya kifua ni habari nyingine, na hapo mtu anakwenda hospitali bila kusubiri asubuhi.

Usingizi nao uingie kwenye hesabu. Katika utafiti wa mwaka 2014 kwa wanamichezo vijana 112, waliolala chini ya saa nane waliumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Ni utafiti mdogo wa vijana, sitautundika ukutani, lakini aliyepata usingizi wa saa nne tu na kuja kujaribu rekodi yake anajua moyoni kwamba anakopa.

Wenye programu za simu sina nia ya kuwafukuza. Wanacho kitu ambacho kocha mwenye wanafunzi sitini hana: kumbukumbu isiyochoka. Simu hiyo inayochora mistari kwenye nyonga ndiyo inayoweza kujua kwamba hujaonekana jimu kwa siku 40, kwamba uzito wako mkubwa wa mwezi ulikuwa 60, na kwamba leo umepakia 85. Ikiamua kunyamaza kuhusu goti na kuuliza tu "una uhakika?", itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko mistari yote. Sijaona programu nyingi zinazovutiwa na kazi hiyo. Mstari wa kijani unasambaa vizuri mitandaoni, na onyo la kushusha uzito halimfurahishi mteja.

Mimi nimebaki na daftari. Tofauti ni kwamba nikikosa wiki mbili, navuta mstari mwekundu chini ya ukurasa wa mwisho na kuandika tarehe niliyorudi. Juu ya mstari ni kumbukumbu tu. Chini yake, siku ya kwanza huwa nusu ya uzito na seti mbili. Mara ya mwisho kijana wa benchi la jirani alinitazama nikimaliza mapema hivyo, akaniuliza kwa heshima kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, bado.